Dole Langu na Miaka Saba ya Fundi Abdalla

Mwaka niliofika Maskati wenye vitabu wanauandika sitini na nne. Kwetu sisi ni mwaka wa tende na papa: tende asubuhi, tende mchana, na jioni papa mkavu ili tuisahau tende. Nazi hakuna. Muhogo hakuna. Mchuzi tuliutia maziwa ya kopo, tukakaa tukitazamana juu ya sinia, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze kulia.

Sasa ni sabini, nimeacha kazi, na naambiwa wakalimani wapya wanakuja, wasichana waliosoma Misri na Kuweti, wana vyeti na miwani. Wameniomba niwaandikie nnayoyajua. Miye nimesoma chuo cha Kurani tu, na kuandika nilifundishwa na marehemu mume wangu, ambaye mwenyewe akiandika vibaya. Mtanistahamilia. Mshahara sisemi, ulikuwa mdogo na hauna mafunzo ndani yake. Kupanda cheo nilipanda mara moja: nilitoka kwenye ufagio nikafika kwenye ulimi, na ufagio hawakunipokea.

Siku ya kwanza nilipewa huo ufagio, dele la kahawa na kazi ya kuwapekua wanawake mlangoni. Ilikuwa nyumba ya hukumu, si mbali na lango kubwa. Zaidi ya hapo siielezi, maana waliokuwamo wengine bado wanapita sokoni na salamu yangu wanaijibu. Bawabu alikuwa Mzee Murad, Mbaluchi mwenye kilemba kikubwa, aliyekaa juu ya sanduku tupu la chai miaka ishirini na kusikia kila kesi iliyopita. Alinionesha mambo matatu. Kahawa ya naibu wa kadhi, ambaye ndiye aliyekuwa akihukumu pale, iwe moto hata kama hainyweki, kwa sababu naibu mwenye kikombe cha baridi hutoa hukumu za baridi. Kidau cha wino wa dole kifunikwe, jua la Maskati hukikausha kabla ya adhuhuri. Na mwanamke aliyekuja na mashtaka akalishwe karibu na mlango, apate hewa, kwani akizimia kesi huahirishwa na siku ya pili huja na shangazi zake wote.

Ukalimani niliuingia na dele mkononi. Wiki ya tatu alikuja mwanamke wa Kipemba kumshtaki shemeji yake, na Kiarabu hana. Naibu akamuuliza, hakufahamu. Naibu akamuuliza kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba Kiswahili ni uziwi. Miye Kiarabu nilikuwa nacho cha nyumbani, cha baba yangu, kichafu kidogo lakini kinakwenda. Nikasema kutoka pale nilipo: "Shekhe, anasema shemeji yake amemfungia chumba chake na nguo zake zimo ndani." Naibu akanitazama kama dele ndilo lililosema. Toka siku ile kila aliyetoka Unguja na Pemba akawa wangu.

Kosa langu la kwanza nilikuwa mpole. Mwanamke huyo huyo, shemeji alipoletwa, alimtukana pumzi nzima, na mama yake, na punda wa mama yake. Miye nikamgeukia naibu nikasema: "Anasema hakufurahi." Baadaye Mzee Murad akaniita kwenye sanduku lake. Kiswahili hakijui hata neno moja.

"Ghanima," akasema, "yule mwanamke amesema mpaka mshipa wa shingo umemsimama. Wewe umesema maneno mawili. Mengine umeyala?"

Toka hapo nikawa natafsiri matusi kama yalivyo, na baadhi ya wazee wa baraza wakaanza kufika mapema siku za Wapemba. Kupunguza nikaacha. Kuongeza hakuniambia mtu, wala miye sikujua kama ni kosa. Nawaandikieni hasa kwa ajili ya hilo.

Katika sitini na saba, mwaka ulioanza kuingia muhogo mkavu kutoka Mombasa na sote tukaumwa matumbo kwa furaha, aliletwa Fundi Abdalla. Alikuwa mshonaji wa kanzu, mtu wa Kikwajuni kwetu Unguja, mpole, macho mekundu. Askari wa lango walimpata na bangi kidogo, imeshonewa kwenye pindo la kanzu yake. Haikunuka wala haikutuna. Askari alisema alishuku kwa sababu pindo lilikuwa zuri kupita kiasi, na hakuna Mwislamu anayejishonea vizuri namna ile asipokuwa na la kuficha.

Amri ya vitu vya kulevya ilikuwa imepigiwa mbiu sokoni, Maskati na Matrah, na nakala yake ilibandikwa ukutani kwetu, nyuma ya kichwa cha karani. Ilikuwa fupi. Atakayepatikana na kitu cha kulevya atafungwa miezi sita. Aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa jambo hilo, akipatikana tena, atafungwa ngomeni miaka saba. Fundi Abdalla alikuwa amekwisha kuhukumiwa mara moja pale pale kwetu, miaka miwili nyuma, miye sijaingia bado kazini, akakaa miezi yake sita na kutoka na ngozi na mifupa. Kwa hiyo hii ilikuwa mara yake ya pili. Miezi sita mingine, basi. Kila mtu aliyekuwamo chumbani alijua hivyo, na naibu alikuwa ana haraka, ana wageni wa chakula cha mchana.

Naibu akauliza kama anavyouliza kila siku: "Nani huyu?"

Jibu ni jina la mtu na la baba yake. Lakini miye nilikuwa sijamwona mtu wa Kikwajuni miezi mingi, na nyinyi mnajua kwetu mtu akiulizwa nani huyu. Hatujibu jina. Tunajibu mtaa, na mama yake alikuwa akiuza mkate wa ufuta pembe gani, na nani alimwoa nani, na harusi ilinyesha mvua au haikunyesha. Kumtaja mtu kwa jina tupu ni kama kumkana. Nikataka naibu ajue kwamba huyu si mtu wa kuokotwa, ana watu wake. Nikamsimulia yote. Na ili niunyanyue moyo wa naibu, nikamalizia kwa kisa kilichokuwa kikichekesha Unguja nzima: kwamba Abdalla alikamatwa kule na bangi, hakimu akamhukumu kwa faini asubuhi, na alasiri hakimu huyo huyo akampelekea koti lake alitie kiraka, kwa sababu mji mzima hapakuwa na mshonaji kama yeye.

Naibu alicheka. Wazee walicheka. Abdalla mwenyewe, ambaye Kiarabu chake ni cha sala tu, alicheka kwa kuwaona wengine wanacheka. Asiyecheka alikuwa Karani Hilal. Alikuwa kijana nadhifu, joho halina kunyanzi, na akiona karatasi yenye nafasi tupu hukosa raha. Yeye alikuwa akiandika.

Siku ya tatu hukumu ikasomwa: Unguja moja, Maskati moja, na hii ya sasa. Miaka saba ngomeni.

Niliitafsiri. Ndiyo kazi. Nilimtazama Abdalla usoni nikamwambia kwa Kiswahili safi kwamba atatoka akiwa mzee, na kwamba ulimi uliomwongezea miaka ni huu huu unaomwambia. Akaniuliza kama wanaruhusu sindano kule ngomeni.

Mkewe Zuhura alinijia nyumbani kabla sijavua buibui. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kitako akakataa kahawa, na mtu wa Unguja akikataa kahawa yako afadhali angekupiga.

"Bi Ghanima," akasema, "nimesikia umemtambulisha mume wangu."

"Nilitaka wamjue ni mtu wa watu, mwanangu."

"Wamemjua. Sasa kamtambulishe utoke naye."

Nikenda kwa Mzee Murad. Akasema hukumu ya naibu si mwisho wa dunia. Ipo rufaa kwa kadhi mkubwa, ambaye alikuwa safarini bara na atarudi kabla ya mwezi kwisha. Akatupeleka kwa mwandishi wa barua anayekaa chini ya ukuta wa soko, mzee wa jicho moja aliyeandika kwa kalamu ya bua na kutoza kwa kadiri ya machozi ya mteja. Zuhura hakulia, akapata kwa rahisi. Barua yenyewe ilikuwa nzuri, nnaikumbuka mpaka leo: kwamba amri hii ilipigiwa mbiu Maskati na Matrah, na ngoma ya mbiu haikusikika Unguja, kwamba kila nchi ina mwenyewe na sheria yake, na kwamba mtu aliyetozwa faini kule hakujua kuwa anafungua hesabu itakayokuja kufungwa huku. Mwandishi aliisoma mara mbili kwa sauti, akajifurahia.

Karani Hilal alipoipokea naye alifurahi, kwa namna yake. Alipenda kushindana na karatasi. Akanambia amri haikusema mtu awe amehukumiwa wapi. Imesema aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili, na hukumu ni hukumu hata ingekuwa ya Uchina. Kilichompunguzia usingizi ni kitu kingine. Katika jalada lake hukumu ya Unguja haikuwa na karatasi. Ilikuwa na kicheko cha naibu tu. Kwa hiyo akaandika ushahidi, mstari kwa mstari, kwa khati nzuri kama joho lake: kwamba miye Ghanima, mkalimani wa nyumba hii, nashuhudia kuwa Abdalla alihukumiwa Unguja kwa bangi. Akaniwekea kidau cha wino. Alikuwa amekifunika vizuri, kama nilivyomfundisha.

Nikamuuliza kwa nini mkalimani awe shahidi. Akasema nilikwisha kuwa, siku ile. Sasa ni kutia dole tu, ili maneno na karatasi viwe kitu kimoja.

Hapa inanibidi niseme habari ya Rayya. Rayya ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na siku zile alikuwa amekwama Misri, anasomea uuguzi, wa kwanza darasani, msinitazame hivyo, ndivyo ilivyo. Kuingia Maskati siku zile kulihitaji ruhusa, na sisi tuliotoka Unguja ruhusa zetu zilikuwa zikipatikana kama barafu sokoni. Ombi lake nililipeleka mara tatu. Lilipita kwa maandishi ya karani, na karani ni Hilal.

Hakunitisha. Alikuwa mwungwana. Alisema tu, huku akipanga kalamu zake, kwamba ombi la binti wa Misri analikumbuka, karatasi yake imepanda juu ya rundo, na kwamba yeye ana tabia ya kumaliza shughuli za mtu mmoja zote pamoja. Halafu akanisukumia kidau.

Nilikaa nikakitazama. Nawaambieni kweli, dole lilikuwa jepesi. Nilijua Abdalla alihukumiwa. Unguja nzima ilijua. Zuhura mwenyewe ndiye aliyenisimulia kisa cha koti, jikoni kwake kule Unguja, tunapepeta mchele, na tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Kwa hiyo isingekuwa uwongo. Lakini nikajiuliza: nilikuwapo? Nilimwona hakimu? Nilisikia neno likitoka kinywani mwake? Sikuwapo. Nilikuwa na mchele. Nilichoshuhudia ni kicheko cha Zuhura, na hicho hakikupigwa marufuku na amri yoyote.

Nikamwambia: "Nilisikia, sikuona. Na nisichokiona sikitii dole."

Akasema nifikiri. Nikamwambia nimekwisha kufikiri, na kahawa ya naibu inapoa.

Kabla sijafika kwenye siku ya kadhi, niwape mwisho mapema msije mkaruka kurasa. Abdalla alikaa miezi sita. Kutoka kwake alinishonea buibui, nzuri, na nilipopekua pindo zote sikukuta kitu, nikaona haya. Rayya alingoja. Rundo la karani lilipanda na kushuka na karatasi yake ikabaki chini, mpaka mwaka huu mambo yalipobadilika na milango ya mji ikaachwa wazi. Amefika miezi mitatu iliyopita. Nilimwacha ana umri wa kucheza nage, amekuja ananipima presha ya damu. Mwaka wake wa ishirini sikuuona. Hilal hakunichukia hata siku moja. Alisema mbele za watu kwamba miye ni mwanamke asiyejua kumaliza jalada, na akanambia nifagie chini ya meza yake. Nilifagia.

Basi siku ya kadhi. Kadhi mkubwa alikuwa mzee mdogo wa kiwiliwili, miguu haifiki chini akikaa, sauti ya chini sana, na hivyo watu wote walinyamaza ili wamsikie. Msije mkasimama nyuma ya kadhi wa namna hii. Simameni ubavuni, muone midomo. Kulia alikaa Zuhura, katikati Abdalla na askari, kushoto Hilal na jalada lake. Miye nikasimama kati, nikimtafsiria kila mtu maneno ya mwenziwe, na safari hii bila ya sukari wala chumvi.

Kadhi akaisomesha barua ya Zuhura mpaka mwisho. Kisha akampa nafasi Hilal, naye akasimama na kusema amri imesema aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili, wala haikusema wapi. "Mwenye amri angetaka kusema hapa," akasema, "angesema hapa."

Kadhi akafikiri. "Na angetaka kusema popote," akasema, "angesema popote."

Wazee walikuwa wakigeuza vichwa, huku na huku, kama watu wanaotazama mpira. Zuhura akaninong'oneza tumeshinda au tumeshindwa. Nikamwambia bado hata hatujaanza. Kadhi akasema suala hili lina pande mbili, na zote mbili anazipenda, na hatachagua hata moja mpaka alazimike. Kwanza anataka kujua kama hiyo hukumu ya Unguja ipo.

Hilal akasema ipo. Kadhi akaomba kuiona. Hilal akasema karatasi haipo, lakini inaweza kuagizwa.

"Iagizwe kwa nani?" akauliza kadhi.

Hapo hata Hilal alianza kuzipanga upya kalamu zake. Ingebidi tuwaandikie barua, kwa adabu na salamu nyingi, watu tuliowakimbia sote, tuwaombe watusaidie kumfunga mtu waliyemkimbiza. Mzee mmoja nyuma akaguna. Kadhi akasema kwamba barua ya namna hiyo hataki iwe na jina lake chini.

Ilibaki njia moja fupi, kumuuliza Abdalla mwenyewe, na kila mtu aliiona, na kadhi akaiona kuliko sote. Abdalla ni mtu mkweli, hilo ndilo tatizo lake la pili. Mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili Zuhura akamkanyaga mguu, mara ya pili kwa kisigino. Kadhi alikuwa ameugeuzia uso dirishani, akilitazama lango kana kwamba halijawahi kuwapo pale. Hakumuuliza. Akasema mtu hasukumwi kujishuhudia, na kama hukumu hiyo ipo basi ataileta mtu mwingine. Akauliza nani aliyeileta mara ya kwanza.

Hilal akaninyooshea kalamu.

Kadhi akaniuliza kama nilisema. Nikasema nilisema, shekhe, nilikuwa namtambulisha. Akauliza kwa nini mkalimani amtambulishe mtu kwa makosa yake. Nikamwambia kweli: nilitaka naibu acheke ampende, kisa ni cha kuchekesha, na kwetu mtu hatajwi nusu. Akasema naibu alicheka? Nikasema sana. Akaguna, akatikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinihurumia miye au naibu.

Kisha akasema ile karatasi ya ushahidi iletwe. Hilal akaiweka mbele yangu, na kidau, na akakifunua. Chini ya kidau palikuwa na karatasi nyingine imekunjwa, pembe imetokeza kidogo, na kwenye pembe ile niliona jina la Rayya kwa khati yangu mwenyewe, mbaya kama ya mume wangu. Sijui kama aliiweka kwa makusudi. Alikuwa mtu wa kupanga vitu.

Kadhi akanifafanulia polepole, ili kila mtu asikie. Nikitia dole, hukumu ya Unguja imethibiti, na itambidi achague upande mmoja katika zile mbili, na hawezi kuniahidi atachagua upi. Nisipotia, mbele yake ipo hukumu moja tu ya zamani, nayo ni ya Maskati, na mtu huyu anakwenda miezi sita. Akaniuliza kama nimefahamu. Nikasema nimefahamu. Akanambia nimtafsirie Abdalla. Nikamtafsiria, yote, pamoja na miaka saba, na Abdalla akanitazama kwa yale macho yake mekundu, akanambia kwa sauti ya chini, "Usiharibikiwe kwa ajili yangu, Bi Ghanima." Kadhi akauliza amesema nini. Nikatafsiri na hilo, kwa sababu kupunguza niliacha.

Basi kadhi akauliza mara ya mwisho kama natia dole au sitii. Nikaurudisha mkono ndani ya buibui, nikamjibu kwa Kiarabu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili Zuhura asikie: "Nilisikia, sikuona. Na nisichokiona sikitii dole."